Confirmed: Kiingereza kidogo tulichokichanganua kabla mlango haujafunguliwa

Leo simu mpya na bei za bando naziweka kando, tupige soga ya historia. Si historia ya kale, wengi wenu mlikuwapo ikitokea, lakini sijaona mtu aliyekaa kitako akaiandika kwa Kiswahili.

Muulize mwandishi yeyote wa programu aliyeanza kazi Kenya kati ya mwaka 2007 na 2015, lugha yake ya kwanza ilikuwa ipi. Atakwambia PHP, au Java, au Visual Basic kama ni wa rika langu. Mbane kidogo. Huenda ukagundua kwamba kabla hajamaliza mradi wake wa pili au wa tatu, alikesha na lugha nyingine kabisa, yenye aina sita saba za sentensi, isiyo na kitabu wala mwalimu. Huanza na msimbo, likaja neno Confirmed, kisha kitenzi, pesa, mtu, tarehe, saa na salio. Naam, Kiingereza cha M-Pesa. Mimi nadhani hakuna maandishi katika Afrika Mashariki yaliyochanganuliwa na programu nyingi kuliko hayo.

Na neno "kuchanganua" lisikutishe. Kama ulipita sekondari ya Kenya unaijua kazi yenyewe. Mwalimu wa Kiswahili alikuandikia ubaoni S, akachora matawi mawili, KN huku na KT kule, halafu N na V na T chini yake, mpaka kila neno likapata tawi lake. Kichanganuzi ni programu inayofanya hivyohivyo. Inapewa mfuatano wa herufi na orodha ya kanuni, inarudisha matawi. Noam Chomsky aliziweka kanuni za namna hiyo katika umbo la hesabu mwaka 1956 na 1957, na kufikia 1960 John Backus na Peter Naur walikuwa wanatumia karibu umbo hilohilo kuieleza lugha ya kompyuta ya ALGOL 60. Kwa hiyo yule mwalimu wa kidato cha tatu alikuwa anakufundisha kuandika kichanganuzi, ila kompyuta ilikuwa wewe.

Sasa, watu wamejaribu kuipunguza lugha ili iwe nyepesi tangu zamani. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa kitu alichokiita Basic English: maneno 850 basi, na vitenzi 18 tu ndani yake. Winston Churchill alikisifu hadharani kule Harvard mwaka 1943. (Mwaka huohuo wa 1930, huku kwetu, kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa kufuata Kiunguja. Uamuzi wa kukiacha Kimvita ulipitishwa kwenye mkutano wa 1928, na mkutano ulifanyika Mombasa kwenyewe! Sisi wa pwani ya Kenya tuna kumbukumbu ndefu.)

Nilipoanza kujifunza mambo haya nilidhani Kiingereza cha Ogden kingekuwa peremende kwa kompyuta. Maneno 850, nini zaidi? Ukikaa nacho unaona kinyume chake. Ogden alipunguza maneno, hakupunguza mambo ya kusema. Ukiondoa vitenzi vya kuingia, kutoka, kuvua, kuahirisha na kuvumilia, kazi yote inawaangukia go, get, put na take pamoja na vijineno vya kufuatia. Put on, put off, put up with. Mwanafunzi anafurahi kwa kuwa maneno ni machache. Kompyuta inalia, maana kila neno sasa lina maana ishirini.

Kwa hiyo kuna wepesi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mtu anayejifunza. Wa pili ni wa anayesoma bila kuweza kukisia, na huyo anataka neno moja libebe maana moja. Wepesi huu wa pili haukutoka kwa washairi wala walimu, ulitoka kwa mafundi. Miaka ya 1970 kampuni ya Caterpillar, ile ya mashine za njano za kuchimba barabara, ilikuwa na Kiingereza chake kilichopunguzwa kwa ajili ya vitabu vya matengenezo, kwa sababu fundi anayekaza nati huenda hakisomi Kiingereza vizuri. Wenye ndege wa Ulaya walitoa mwongozo wao mwaka 1986, ambao leo unaitwa ASD-STE100. Humo neno follow lina maana ya kuja nyuma ya kitu, basi, halina ruhusa ya kumaanisha "kutii maagizo". Fundi akikosea kusoma, ndege inaanguka.

Kisha mwaka 1995 wasomi wa Chuo Kikuu cha Zurich wakaanza Attempto, Kiingereza ambacho kila sentensi yake ina mchanganuo mmoja tu. Tazama walivyofanya. Kiingereza cha kawaida kikisema mteja anaingiza kadi "with a code", hujui kama kadi ndiyo yenye namba ya siri au anaingiza kwa kutumia namba ya siri. Attempto haikujaribu kukisia. Ilitoa amri: maneno ya namna hiyo siku zote yanashikamana na kitenzi. Ukitaka maana nyingine, andika sentensi nyingine. Mimi naipenda amri hiyo kuliko akili nyingi za kukisia.

Turudi nyumbani. Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Wananchi wote walifunguliwa tarehe 6 Machi 2007. Wazo lilisukumwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, na programu yenyewe iliandikwa na Sagentia ya Uingereza. Simu nyingi za wakati ule zilikuwa za vibonye, na ujumbe mfupi una ukomo wake: baiti 140, ambazo ukitumia biti 7 kwa kila herufi zinakupa herufi 160. Ndani ya nafasi hiyo mtu alipaswa kuambiwa yote: imetimia, ni kiasi gani, kwa nani, lini, na umebakiwa na ngapi. Hakuna nafasi ya "tunafurahi kukujulisha kwamba". Sentensi ikanyolewa mpaka fuvu:

Confirmed. You have received Ksh500.00 from ...

Aliyeiandika alikuwa anamfikiria mtu mwenye simu ya vibonye, sidhani kama kompyuta ilimjia akilini. Ila ukomo wa herufi 160 ulimlazimisha kutimiza masharti yote mawili kwa pamoja. Maneno ni machache kama ya Ogden, na maana ni moja kama ya mafundi wa ndege. Received ni kupokea pesa, haina maana nyingine ndani ya lugha hiyo. Sent ni kutuma. Mama ambaye hakwenda shule aliijua lugha hiyo kwa umbo lake, kama unavyoijua sura ya mtu.

Mimi nimeishi Mariakani karibu maisha yangu yote ya kazi. Kwa wasiopajua, ni hapa kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, ndani ya Kilifi, penye mizani ya malori. Mizani ikiwepo, malori yanasimama. Yakisimama, kuna gereji, hoteli za chai, maduka ya matairi na ya vifaa vya ujenzi, na wateja ambao leo wako hapa na kesho wako Malaba. Mteja wa namna hiyo hawezi kuandikiwa deni. Anatuma pesa, unampakilia mzigo, anaondoka.

Mwaka 2012 mzee mmoja mwenye duka la mabati na saruji aliniita. Karani wake alikuwa na daftari la mistari 96. Kila ujumbe ukiingia kwenye simu ya duka, karani anaunakili kwa kalamu: msimbo, jina, kiasi, saa. Jioni anajumlisha. Huyo karani ndiye alikuwa kichanganuzi, na alikuwa mzuri, ila siku za mwisho wa mwezi alikuwa anaondoka saa tatu usiku. Mzee alitaka simu ijiandikie yenyewe kwenye kompyuta.

Leo utaniambia, si ungetumia API, yaani mlango rasmi ambao programu moja inabishia hodi kwa nyingine. Mwaka huo mlango wa namna hiyo haukuwepo kwa mtu wa kawaida. Kampuni kubwa zilikuwa na mipango yao. Duka la Mariakani lilikuwa na simu na jumbe. Kwa hiyo watu kama mimi tuliingilia dirishani: unaweka simu ya Android, programu ndani yake inasubiri ujumbe, unapoingia inaupeleka kwenye kompyuta. Programu za bure za kufanya hivyo zilikuwepo, kwa mfano SMSSync ya Ushahidi ya hapa Kenya na EnvayaSMS iliyotoka kwa Envaya wa Tanzania. Sehemu iliyobaki ilikuwa sarufi. Yangu ilianza hivi:

ujumbe = msimbo, "Confirmed.", habari, salio
habari = kupokea | kutuma | kutoa
kupokea = "You have received", pesa, "from", mtu, wakati
mtu = jina, namba

Mistari minne, na ungeweza kudhani kazi imeisha. Lakini jina linaishia wapi? Kuna mteja wa majina mawili, kuna wa manne. Kilichotuokoa ni kwamba jina limeandikwa kwa herufi kubwa na linafuatiwa na namba ya simu, basi unasoma mpaka ukutane na tarakimu. Na biashara yenye neno FROM ndani ya jina lake? Hapo tena herufi kubwa zinatenganisha, from ya sarufi ni ndogo. Halafu kuna nafasi. Jicho la binadamu halioni kama baada ya nukta ya Confirmed kuna nafasi au hakuna. Kompyuta inaona, na ujumbe wa kupokea una tabia ya kubananisha Confirmed na You bila hata pumzi katikati.

Mzee alisikiliza maelezo yangu yote, akauliza swali ambalo mimi naliona la maana kuliko sarufi nzima. "Mwanangu, hiki chombo chako kitamjuaje mwongo?"

Alikuwa na sababu. Wakati huo, na mpaka leo, kuna matapeli wanaotunga ujumbe ulio sahihi kila nukta na kuutuma kutoka namba ya kawaida. Karani mwenye haraka anaona Confirmed, anapakia mabati. Kwa kichanganuzi ujumbe huo ni sentensi safi kabisa, sarufi haisemi ukweli, inasema umbo. Hatua ya kwanza ni rahisi: kataa kila ujumbe ambao mtumaji wake si MPESA. Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda. Kila ujumbe unabeba salio jipya. Kama salio la mwisho la duka ni 12,400 na ujumbe unasema umepokea 3,150, basi salio jipya lazima liwe 15,550. (Ukituma, toa na ada.) Tapeli anaweza kuiga lugha yote, lakini salio lako halijui. Na zaidi ya hapo, jumbe zote zinakuwa mnyororo: kama mmoja umepotea njiani, unaofuata haufungani na uliopita, na programu inapiga kelele. "Hesabu haitakubali, mzee," nikamwambia. Akamwita karani aje asikie naye.

Udhaifu wa nyumba hii yote ni kwamba msingi ulikuwa wa mtu mwingine. Lugha haikuwa na mwongozo uliochapishwa kama wa wenye ndege. Mwenye lugha akiamua asubuhi kubadilisha neno, ana haki, ni ujumbe wake kwa mteja wake, hajakuahidi kitu wewe uliye dirishani. Aprili 2015 mfumo wa M-Pesa ulihamishwa kutoka seva za Ujerumani ukaletwa Kenya, juu ya programu mpya ya Huawei. Misimbo ya herufi na tarakimu 9 ikawa ya 10. Yeyote aliyekuwa ameandika 9 ndani ya ruwaza yake alikuwa na kazi siku hiyo. Msimbo mpya una utamu wake lakini: herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili mwezi, ya tatu siku. S ni 2024, T ni 2025. Angalia jumbe zako mwenyewe utaona.

Baada ya kuhamia nyumbani, mlango rasmi ulianza kufunguliwa, na mwaka 2017 ukapewa jina la Daraja. Duka lenye namba ya biashara sasa linaweza kupokea taarifa kwa umbo la kompyuta moja kwa moja. Ungetarajia vichanganuzi vya jumbe vife. Havikufa, na hapa ndipo historia inanikaa vibaya.

Mwaka 2012 M-Shwari ilipoanza kukopesha, ilikuwa ndani ya mfumo, inaona vitabu vya hesabu vyenyewe. Wakopeshaji wa nje hawakuwa na vitabu. Walikuwa na dirisha letu. Tala, ambayo iliingia Kenya mwaka 2014 kwa jina la Mkopo Rahisi, na Branch iliyofuata 2015, ziliomba ruhusa ya kusoma jumbe za simu, zikachanganua zile za M-Pesa, na kutokana na pesa zinazoingia na kutoka zikaamua nani akopeshwe. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga benki alipata mkopo kwa dakika chache, hilo silidharau. Lakini ruhusa ya Android ya kusoma jumbe haikuwa na sarufi. Haikusema "zile za M-Pesa tu". Ilifungua zote, ya hospitali, ya shangazi, ya mpenzi. Mbinu ileile iliyomtoa karani kazini saa kumi na moja badala ya saa tatu ilikuwa sasa inampima mtu kama anastahili kuaminiwa, na huyo mtu hakujua ni neno gani katika jumbe zake lilimwangusha. Google ilitangaza kubana ruhusa hiyo mwaka 2018, Kenya ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data 2019, na Benki Kuu ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022.

Na Kiswahili je? Vodacom Tanzania walianzisha M-Pesa yao 2008, na kule neno letu la Confirmed ni Imethibitishwa. Kwa ujumbe uliotungwa na mashine, Kiswahili si kigumu hata chembe: pale ambapo Kiingereza kina You have received, sisi tuna umepokea, neno moja, unaliandika kwenye sarufi unaendelea. Ugumu unaanza pale mteja anapojiandikia. Simu ya duka ilipokea hizo pia: nimetuma, nishatuma, nimekutumia, ntatuma kesho. Zote mzizi wake ni tum, lakini mbili za mwanzo zinafanana maana, ya tatu imembeba na mpokeaji ndani yake, na ya mwisho si malipo bali ahadi. Kutafuta neno zima hakusaidii, lazima ukate neno lenyewe. Kazi hiyo ilikuwa imefanywa mbali sana na hapa. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuandika programu ya kukata maneno ya Kiswahili, akitumia mbinu ya ngazi mbili ambayo Kimmo Koskenniemi aliitoa hukohuko Helsinki mwaka 1983, na mwaka 1992 akaieleza katika jarida la kitaaluma. Finland, jamani.

Tena Kiswahili kina zawadi ambayo Attempto ingeililia. Mteja akiandika "mabati ya fundi yaliyobaki yaletwe kesho", kompyuta haihitaji kukisia ni nini kilichobaki. Ya- imesema: ni mabati. Fundi angekuwa "aliyebaki". Kiingereza kingekuacha njia panda, au kingehitaji amri kama ile ya Zurich. Upatanisho wa ngeli, ule uliotuchapisha viboko darasani, ni nusu ya mchanganuo iliyokwisha kufanywa na msemaji mwenyewe.

Ndiyo maana Kisetla, kile Kiswahili kilichopunguzwa cha mabwana wa mashamba enzi za ukoloni, kingekuwa balaa kwa kompyuta. Kiliondoa ngeli ili kimfae mgeni, kikaondoa alama zilezile ambazo msomaji asiyekisia anazihitaji. Na hapa mizanini nina wateja wa kila upande wa nchi. Dereva kutoka bara anaandika "mabati ya fundi ile imebaki iletwe", na mimi namwelewa vizuri tu, karani pia. Programu haina pa kushika. Kanuni niliyoiweka ni hii: ikipata ya-, inaandika oda bila kuuliza, ikipata i- mahali pasipoeleweka, haikisii, inamtumia karani swali moja, "Ni mabati?", na karani anajibu kwa kubonyeza 1 au 2. Sarufi yote pamoja na swali hilo nitaibandika hapa nikishaisafisha. Mwenye jumbe za M-Pesa za Tanzania za miaka ya mwanzo, azifute majina na namba kwanza, kisha aniandikie.